Kupima albendazoli kwa watoto wa shule Kisoro: tuhesabu waliopona au mayai yaliyopungua?

Slaidi_Mbili:
Ndugu zangu wa maabara, tunaandaa kupima kama albendazoli, dawa ya minyoo, ya mg 400, dozi moja, bado ina nguvu kwa watoto wa miaka 6 hadi 14 katika shule za msingi huku Kisoro, Uganda. Mnyoo mjeledi ndio mwingi, mnyoo mviringo upo, mnyoo wa safura kiasi. Mpango ni kukusanya choo, kusoma kwa Kato-Katz (kuhesabu mayai ya minyoo kwenye slaidi ya choo kwa darubini), kutoa dawa, kisha kupima tena baada ya wiki moja. Mwenzangu anataka ripoti iseme asilimia ya waliopona tu. Mjeledi ukibaki, si watu watasema dawa ni feki? Na watoto wangapi wanatosha?

Mwanahesabu:
Wiki moja ni mapema mno. Rudini kati ya siku ya 14 na ya 21. Kabla ya hapo majike waliosimama kutaga kwa muda watawahadaa, mtadhani wamekufa. Msipitishe siku ya 21 pia. Safura huhitaji wiki tano au zaidi tangu kuingia mwilini hadi kutaga, na mviringo miezi miwili hivi, kwa hiyo yai mnaloliona ndani ya muda huo ni la mnyoo aliyenusurika, si maambukizi mapya.

Kuhusu waliopona, mwenzako anapima kitu kisichofaa hapa. Mtoto aliyeanza na mayai 6,000 kwa gramu ya choo akabaki na 48 ataandikwa "hajapona", na dawa itaonekana imeshindwa. Shirika la Afya Duniani hutumia kiwango cha kupungua kwa mayai. Chukueni wastani wa kawaida (jumla gawa kwa idadi) wa kundi kabla na baada, kwa watoto wale wale waliokutwa na mayai mwanzoni. Wastani ukitoka 480 hadi 36, ni 1 − 36/480, yaani 92.5%. Wastani wa kijiometri msiuguse, hupamba matokeo.

Kwa albendazoli, mviringo unatakiwa kupungua 95% au zaidi, safura 90%, mjeledi 50% tu. Ndiyo, hamsini. Dawa hii ni dhaifu kwa mjeledi tangu zamani, ndiyo maana siku hizi hujaribiwa pamoja na dawa nyingine, ivermektini. Waelezeni maofisa wa wilaya hilo kabla ya kuanza, si siku ya kusoma ripoti.

Idadi: angalau watoto 50 wenye mayai kwa kila aina ya mnyoo. Mkitarajia theluthi moja wawe nao, na mmoja kati ya watano asirudi kupimwa, pimeni kama 190.

FundiDarubini:
Nakubali, ila hesabu nzuri haiokoi slaidi mbovu. Makosa mengi yako mezani.

Selofeni ya kufunikia slaidi ilowe saa 24 katika glisirini yenye rangi ya kijani cha malakaiti. Pitisheni choo kwenye wavu, jazeni tundu la kiolezo, kibao cha kupimia kinachowekwa juu ya slaidi (mg 41.7), hadi usawa, mkwangue juu. Likibaki pengo, umepunguza mayai kabla hujaangalia. Ondoeni kiolezo, funikeni kwa selofeni, geuzeni slaidi, bonyezeni polepole juu ya kigae laini. Maandishi ya gazeti lililowekwa chini yasomeke. Choo cha majimaji hakifai, mwombeni mtoto kingine kesho. Slaidi mbili kwa kila sampuli, wastani mara 24: mayai 13 na 17 ni wastani 15, sawa na 360 kwa gramu.

Safura isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60. Glisirini huyayusha mayai yake, baada ya hapo huoni kitu. Mjeledi na mviringo hustahimili, unaweza kurudi kuwahesabu baadaye. Mkitengeneza slaidi 40 asubuhi na msomaji ni mmoja, za mwisho zitasema safura hakuna. Na hili likitokea siku ya marudio tu, dawa itapata sifa isiyostahili! Tengenezeni kwa mafungu madogo, na fundi mwingine asome tena moja kati ya kila kumi bila kuona hesabu ya kwanza.

Mfamasia_Kusini:
Mtoto atafune kidonge mbele yenu, afungue mdomo mwone. Kumpa abebe nyumbani si kupima dawa. Akitapika muda mfupi baadaye, aandikwe na atolewe kwenye hesabu. Andikeni namba ya toleo na tarehe ya mwisho, na vidonge vichache vya toleo hilo vipelekwe kupimwa kiasi cha dawa. Bila hivyo hamtajua kama mnyoo ni sugu au kidonge ni hafifu.

Angalieni kalenda pia. Siku za Afya ya Mtoto ni Aprili na Oktoba, na albendazoli hugawiwa mashuleni. Mkianza Novemba mtakosa wenye mayai. Zikiangukia kati ya siku ya kutoa dawa na siku ya kupima tena, mtoto amepata dozi mbili na kazi imeharibika.

Slaidi_Mbili:
Asanteni sana. Kwa vibali: kamati ya maadili na Baraza la Taifa la Sayansi na Teknolojia, kisha wilaya na walimu wakuu. Ridhaa ya mzazi peke yake inatosha?

Mfamasia_Kusini:
Haitoshi. Kuanzia miaka 8 mtoto mwenyewe naye aulizwe, na akikataa mwacheni, hata kama mzazi ametia kidole. Dozi yake ya kawaida aipate hata hivyo.