Mkaa amilifu uliotibiwa kwa asidi: maji unayanywa, tolueni unaikataa

Mpika Mkaa: Wakuu, nisaidieni. Nina mkaa amilifu wa punje, ule wenye vitundu vidogo mno vya kunasa kemikali. Nusu niliuchemsha ndani ya asidi ya nitriki, nikausuuza, nikaukausha tanurini kwa nyuzi 110. Ule ambao haukuguswa ukiumwaga kwenye maji unaelea, unatoa vipovu weee mpaka unachoka. Wa asidi unazama papo hapo. Nikafurahi, nikajua vitundu vimepanuka. Kuja kupima tolueni (kiyeyusho cha kwenye thina ya rangi), wa asidi umechukua kidogo kuliko mwenzake! Nimeharibu wapi?

Tone: Hukusuuza vya kutosha. Pima pH, yaani ukali wa asidi, ya maji ya mwisho.

Mzee wa Vitundu: Kusuuza ni muhimu, ila sidhani kama tatizo liko hapo. Mkuu, kuzama hakukwambii kwamba nafasi imeongezeka. Kunakwambia tu maji yamekubali kuingia. Ukuta wa kaboni tupu hauyavuti maji sana. Yenyewe kwa yenyewe yanashikana zaidi. Asidi imepachika vikundi vya atomi vyenye oksijeni, hasa kaboksili, kwenye kingo za tabaka za kaboni. Molekuli ya maji inang'ang'ania kikundi, ya pili inaing'ang'ania ya kwanza, fundo linakua mpaka tundu linajaa kwa mkupuo.

Tolueni haina haja ya vishikizo hivyo, inavutwa na ukuta wenyewe. Kwenye vitundu vya chini ya nanomita 2 kuta za pande zote zinaivuta kwa pamoja, ndiyo maana inajaa humo kwanza. Sasa wewe umeotesha vikundi mlangoni. Maji, yenye upana wa nanomita 0.27 hivi, yanapenya; tolueni ya karibu 0.6 inakwama.

Halafu niambie, baada ya tanuri uliuweka wapi?

Mpika Mkaa: Mezani, usiku kucha. Bakuli wazi 🙈

Mzee wa Vitundu: Basi tolueni imekuta wapangaji ndani. Pima uzito.

Mpika Mkaa: Gramu 10.0 za jana leo ni 11.3. Unyevu wa hewa tu!

Mzee wa Vitundu: Kausha tena, ufunike ukiwa bado wa moto, urudie tolueni. Ikibaki pungufu, choma kidogo kwa nyuzi 900 ndani ya nitrojeni ili vikundi ving'oke. Tolueni ikirudi, vikundi ndivyo vilikuwa walinzi wa mlangoni. Isiporudi, asidi imebomoa kuta zenyewe, na hapo hakuna dawa.

Mpika Mkaa: Tanuri limeshawashwa.