Naomba ushauri: mtu wa bahari Malindi, nataka kuvua besi ukingoni mwa Ziwa Naivasha

MshipiMayungu (mwenye uzi)
Assalaam alaikum ndugu zangu. Mimi ni wa Malindi na uvuvi wangu ni wa kusimama nchi kavu: Mayungu kwenye miamba maji yakijaa, gatini usiku, na mlango wa Sabaki kabla mto haujashuka na tope lake. Sasa nina safari ya Naivasha na rafiki yangu, tunataka kuvua besi wale wenye mdomo mkubwa, tukiwa ukingoni, bila boti. Nina fimbo ndefu ya kurushia baharini, mshipi mnene wa kolekole na machubwi mazito. Je, vitafaa au ninunue vingine? Siku zimekaribia na usingizi hauji. Naomba majibu ya vitendo.

MlaTafi
Waalaikum salaam. Besi wa nini shehe, na tafi wako hapa hapa? Nauli ya Malindi mpaka Naivasha kwenda na kurudi ningekununulia changu ukala mpaka ukawachoka.

FundiNdoana
Ndugu Mshipi, acha hiyo fimbo nyumbani. Baharini unarusha mbali kwa sababu samaki yuko nje ya mawimbi. Besi hayuko mbali. Ni samaki wa kuvizia: anajificha kwenye vivuli vya mafunjo, chini ya magogo na miti iliyozama, anangoja kitu kipite mbele yake. Watu wengi wanarusha kwenda katikati ya ziwa huku samaki yuko karibu na miguu yao. Simama hatua kadhaa nyuma ya maji, usikanyage kwa kishindo, halafu rusha sambamba na ukingo.

Fimbo ya futi sita au saba inatosha, na mshipi wa kuhimili kilo tano hadi saba. Nunua minyoo ya plastiki, uifiche ncha ya ndoana ndani ya mwili wa mnyoo ili isinase kwenye majani, na chubwi dogo mbele yake. Rangi ya kahawia au nyekundu, kwa sababu Naivasha besi anakula wale kamba wekundu wa Marekani walioingizwa ziwani 1970. Vuta polepole, acha, vuta tena. Mara nyingi anauma ukiwa umeacha.

MamaWaShela
Mimi nina jambo la kuuliza. Mkishamvua mtamla au mtamrudisha majini? Maana nasikia huo mchezo wa besi ni kumtoboa samaki mdomo, kupiga picha, kisha kumwachilia. Mwanangu, kiumbe cha Mungu si cha kuchezea. Marehemu baba alivua kwa ngarawa maisha yake yote na hakuna samaki aliyemtoa baharini bila haja. Ukivua, lete nyumbani watu wale.

FundiNdoana
Mama, kwa heshima, anayerudisha besi mkubwa anaacha mbegu. Dume la besi hulinda mayai na vifaranga vyake. Ukilitoa pale, visamaki vingine vinavila vyote. Dunia nzima watu wanamheshimu samaki huyu. Mwaka 2009 Manabu Kurita alivua wa kilo 10.12 kwenye Ziwa Biwa, ziwa kubwa kuliko yote Japani, akaifikia rekodi ya George Perry iliyokuwa imesimama Marekani tangu 1932.

MtotoWaDunga
Kilo kumi? Sisi huku Kisumu sangara wa kilo kumi ni kijana. Babu yangu alikuwa akivua ufuo wa Dunga na tulikuwa tukienda naye kubeba ndoo. Jioni moja alitushika mikono ghafla akaturudisha nyuma bila kusema neno, tukaona majani yanatikisika, kiboko anatoka majini kwenda malishoni, njia ile ile tuliyokuwa tumekaa. Tangu hapo sikai ukingoni mwa ziwa jua likizama. Kaka, mtavua saa ngapi, na upande gani?

MshipiMayungu
Shukrani FundiNdoana. Saa na mahali tumeshapanga, rafiki yangu amepaona kwenye ramani ya simu, pana mafunjo mengi na pametulia. Nilikuwa nataka kujua, mshipi wa kusuka unafaa kuliko ule wa nailoni?

MkaziWaKaragita
Nimezaliwa Karagita, ziwa naliona kila siku. Mshipi wa kusuka unafaa kwenye majani, sasa jibu swali uliloulizwa. Sehemu kubwa ya ukingo huku ni mashamba ya maua, hoteli na mali za watu, huwezi kuingia tu na fimbo. Na ziwa lilipopanda mwaka 2020 lilifunika nyumba na barabara, usiamini picha ya simu. Mahali gani? Saa ngapi? Na huyo rafiki ni mzoefu wa huku?

MshipiMayungu
Sawa, nitasema. Rafiki ni mgeni wangu Mtaliano, huja Malindi kila kaskazi. Kwao anavua besi ukingoni mwa Ziwa Garda. Aliposikia Naivasha wako, akaniomba nimpeleke, na nikakubali. Ameshanipa arubuni. Tutaingia saa kumi na moja alfajiri, kwenye mafunjo upande wa kusini, kwa miguu. Tutakuwa watatu, anakuja na kijana wake wa miaka kumi.

Kabla hamjanirukia: mtoto huyo amevua na babake tangu mdogo, ana nidhamu kuliko watu wazima wengi. Na alfajiri ndipo besi anakula, hata FundiNdoana anajua. Arubuni imeshalipa karo, siwezi kumwambia mtu sasa kwamba safari hakuna. Mimi nimesimama miambani usiku kusi ikivuma, maji ya ziwa yaliyotulia hayawezi kunitisha.

MtotoWaDunga
Saa kumi na moja alfajiri kiboko ndiyo anarudi majini, na wewe umesimama kati yake na maji. Hapo ndipo anapoua. Kaka, si suala la maji kutulia.

MamaWaShela
Mtoto wa watu! Wa miaka kumi! Yule mzazi anajua kuna viboko?

MshipiMayungu
Anajua Naivasha kuna viboko, kila mtu anajua. Hatujazungumza kwa undani.

HakimuWaNyuzi
Jamani mnapoteza muda, huu uzi umetungwa. Mwanzo alikuwa na "rafiki". Akabanwa, rafiki akawa mgeni. Akabanwa tena, akatokea mtoto, na karo juu yake. Mtaliano gani aje Malindi, mji ambao matajiri wanaufuata kwa ajili ya sulisuli, aiache bahari ile apande mpaka Naivasha kutafuta samaki wa ziwani? Na besi Kenya walitoka wapi?

FundiNdoana
Besi Naivasha waliletwa kutoka Marekani mwaka 1929 kwa ajili ya uvuvi wa burudani. Hilo halijatungwa.

MpishiWaCasuarina
Nami niseme. Nimepika kwenye nyumba za Wataliano Malindi miaka mingi. Wale wa kutoka Verona na Brescia, pande za lile ziwa la Garda, ukiwapa nguru mzima mezani watakusifu, halafu wataanza kukuhadithia samaki wa ziwa lao mpaka kahawa ipoe. Wengine bahari inawatapisha, boti hawapandi. Mimi namwamini ndugu Mshipi. Ninachokasirikia ni mtoto.

MshipiMayungu
Asante dada. Mgeni wangu ni hivyo hivyo, boti humtapisha, ndiyo maana tunataka ukingoni. HakimuWaNyuzi, mimi sikuja hapa kutunga. Nilisema rafiki kwa sababu ni rafiki, mwaka mke wangu alipolazwa alikuja kututazama kila siku. Ndiyo maana nataka apate samaki wake.

HakimuWaNyuzi
Basi kama ni rafiki, mwambie ukweli wote leo. Usimwambie kule kule gizani.

MkaziWaKaragita
Tuache mabishano, nikupe njia. Kwanza leseni: uvuvi wa burudani unahitaji leseni, pitia ofisi ya uvuvi kabla ya siku yenyewe. Pili, achana na mafunjo ya kusini usiyoyajua. Mbali na viboko, kuna nyati wanalala humo. Nenda ufuo wa wazi wa umma kama Karagita au Kamere, waone viongozi wa wavuvi, uombe mtu wa kusimama nanyi. Wao wanajua viboko wamelala wapi asubuhi hiyo. Tatu, anzeni jua likiwa limetoka na mnaona majani vizuri, saa moja na nusu hivi. Besi haumi alfajiri tu. Kukiwa na mawingu anauma hata asubuhi yote, na jua likiwaka anaingia kivulini mwa ile miti iliyokufa majini, mtampata huko. Jioni, saa kumi na moja mfungashe. Mtoto asimame nyuma yenu, mbali na maji, na pasiwe na kichaka mgongoni. Hakuna kuingia majini hata kifundo cha mguu. Hapa wanaouawa wengi ni wale wanaovua kwa miguu ndani ya maji.

MshipiMayungu
Saa moja na nusu si tutakuwa tumepoteza wakati mzuri wote? Mgeni amesafiri kutoka mbali.

MkaziWaKaragita
Mtakuwa mmepoteza wakati wa kiboko. Huo mwachie yeye.

MlaTafi
Na kikoi kisikudanganye, Naivasha iko karibu mita 1,900 juu ya bahari. Beba sweta, la sivyo utatetemeka samaki aone mshipi unacheza akimbie.

MshipiMayungu
Nimempigia. Nimemweleza habari ya viboko na nyati, na nikamwambia mtoto abaki hotelini siku ya kwanza. Amesema atafikiri juu ya mtoto, na ufuo wa Karagita amekubali. Saa nimemwambia kumi na mbili na nusu.

MtotoWaDunga
Moja na nusu, kaka.

MshipiMayungu
Tutaangalia mwanga ukoje.

MkaziWaKaragita
Hutaangalia wewe, ataangalia mtu wa ufuo. Ukifika muone yeye kwanza, kabla fimbo haijatoka mfukoni.