Tupeane uzoefu: nani aliwahi kupata kazi kwa kutembeza bahasha ya barua ya maombi kwenye ofisi ambayo haikutangaza nafasi?

Wakuu, salaam kutoka makao makuu, Dodoma.

Dogo wangu kamaliza chuo mwaka jana, anakaa kwangu hapa Nkuhungu. Kila asubuhi anaingia Ajira Portal, ile tovuti ya serikali ya kuombea kazi, anachungulia, anatoka, analala tena. Nimemwambia avae viatu akatembeze barua. Kanijibu, "Kaka, nani siku hizi anapokea barua ambayo hakuiomba?" Nikaona nilete uzi. Mlioambulia na mliotoka patupu, karibuni wote.

Naanza mimi. 2019, nina diploma ya uhasibu na chumba cha kupanga Chang'ombe. Nikaandika barua moja, nikaitoa kopi ishirini, zote kwa "Meneja Rasilimali Watu", zote "YAH: MAOMBI YA KAZI YOYOTE". Nikaanzia Mtumba, kwenye mji wa serikali, nikijua wizara zimehamia, nafasi zitakuwa za kumwaga. Dada wa masijala akasoma kichwa cha habari tu, akanirudishia kwa upole: "Mdogo wangu, huku nafasi zinapitia Sekretarieti ya Ajira. Usimalize nauli yako." Nauli yenyewe ilikuwa imebaki ya kurudi mjini tu. Ofisi binafsi zilipokea, nyingine hadi zikanigongea mhuri kwenye nakala yangu nikatoka kifua mbele. Bahasha ishirini, simu hata moja haikuja.

Sasa siku moja naenda kununua koki kwenye duka la vifaa vya ujenzi, Kizota. Foleni imefika nje. Kijana wa kaunta anafunua daftari la madeni, kurasa zimelowa mafuta, anamtafuta mteja aliyechukua mabati kwa mali kauli. Jina halionekani. Mteja anasema alilipa nusu, kijana anasema hajalipa, mzee mwenye duka ameshika kichwa.

Nilirudi na nusu ukurasa niliouandika kwa mkono: nimeliona daftari lenu, naweza kuliingiza lote kwenye kompyuta kwa wiki mbili, msiponielewa tusidaiane. Nikampelekea saa nane mchana, jua kali, wateja hakuna. Mzee hata bahasha hakufungua. "Inasemaje?" Nikamweleza. Akanitazama viatu vyenye vumbi jekundu, akasema njoo Jumatatu. Nilikaa pale miaka mitatu.

Kwa hiyo mimi naamini lile neno "yoyote" ndilo lililoniponza. Haya, nanyi leteni.

Mama Zabibu: Mimi ni mwalimu, shule binafsi ya tatu sasa, na zote tatu hawakutangaza. Siri ni kalenda. Ajira za walimu serikalini zikitoka, shule binafsi zinakimbiwa ndani ya wiki moja, mwingine anaacha hata chaki mezani. Wiki hiyo hiyo mimi nafika na barua, vyeti na andalio la somo nililoandaa mwenyewe. Nyakati za kawaida napeleka Novemba, maana Januari shule zikifunguliwa mkuu wa shule hana hata muda wa kukusalimia.

Mtu wa Chamwino: Uzoefu wangu ni mchungu. Niliandika namba ya simu kwa nje ya bahasha, kubwa, ili wanione haraka. Siku ya pili nikapigiwa, "barua yako imepita, tuma elfu thelathini ya sare na fomu." Nikatuma. Kwenda ofisini, hawanijui. Namba kaeni nayo ndani ya barua jamani.

Jikoni Area D: Naongea kama mpokeaji, maana niko hotelini na barua zinapita mikononi mwangu. Hatuzitupi. Zinakaa kwenye droo. Likija Bunge la bajeti, Aprili hadi Juni, vyumba vinajaa na tunahitaji watu wa kufua, jikoni, mapokezi. Hapo droo inafunguliwa. Tunapiga simu kumi, sita hazipatikani, watu wameshabadilisha laini! Ukileta Machi, upite tena kusalimia. Na mlinzi msalimieni vizuri, yeye ndiye anayeniambia huyu kaja kwa adabu na huyu kaja kwa fujo.

Mtu wa Chamwino: Mlinzi wa ile ofisi niliyopeleka barua ndiye namshuku alitoa ile namba, ila tuyaache.

Nimechoka Ihumwa: Mimi barua yangu ilikubaliwa, "anza kwa kujitolea." Miezi tisa. Nauli yangu, chakula changu. Nafasi ilipopatikana akaja mtu hata sijui alitoka wapi, nikaambiwa nimfundishe kazi. Nikamfundisha. Mtoa mada, dogo akiambiwa kujitolea, aulize mpaka lini, na aandikiwe.

Mtoa mada: Nimechoka, pole sana mkuu, hilo la kuandikiwa nimemsomea kwa sauti. Mama Zabibu, dogo kasoma ualimu wa hisabati na fizikia. Barua amwandikie mkuu wa shule au meneja?

Mama Zabibu: Hisabati na fizikia halafu yuko kitandani? Amwandikie meneja, nakala kwa mkuu wa shule. Na aipeleke mwenyewe, asimtume bodaboda.