Dini na tamaduni: nianze na yanayofanana au na tofauti? Nakabidhi Ijumaa

Mwanarasimu
Wakuu habari zenu. Nimepewa kazi ya kuandaa mazungumzo kuhusu dini na tamaduni, na nina rasimu mbili mezani. Rasimu A inaanza na yanayofanana: sala, kufunga, sadaka, kuheshimu wazazi, ile kanuni ya kumtendea mwenzako unavyopenda kutendewa. Rasimu B inaanza na tofauti, bila kuzunguka. Ijumaa nakabidhi moja tu. Mngekuwa nyie mngechukua ipi? Naomba sababu, si "zote nzuri".

Kalamu Kavu
Mazungumzo na nani, mkuu? Watoto au watu wazima? Dini ngapi? Mikutano mingapi? Umetuletea kichwa cha habari, habari yenyewe umebaki nayo.

Bi Mkubwa wa Uzi
A, mwanangu, wala usijiulize mara mbili. Confucius, mwanafalsafa wa China, na Hillel, mwalimu wa Kiyahudi, walitenganishwa na karne nyingi na bara zima, hakuna aliyemsoma mwenzake, lakini wote wawili walifika palepale: usilolipenda, usimtendee mwenzio. Hillel alilisema kwa mtu aliyetaka kufundishwa Torati nzima akiwa amesimama kwa mguu mmoja. Likikufikia kutoka pande mbili namna hiyo, ujue ni la binadamu, si la kabila. Watu wakishaona hilo, hizo tofauti zitazungumzika zenyewe.

Nahodha wa Nchi Kavu
Bi Mkubwa, heshima yako, ila hapohapo pana tofauti. Hao wawili wanasema *usitende*. Mathayo 7:12 inasema *tendeni*. Wa kwanza ataridhika nikijifungia kwangu nisimdhuru mtu. Wa pili ananitoa ndani nikamhudumie. Hayo si mamoja.

Bi Mkubwa wa Uzi
Jirani akiacha kunipiga nitashukuru kwanza, Nahodha. Hayo ya kutolewa ndani tutayazungumza kesho.

Mwanarasimu
Samahani Kalamu. Watu wazima kama 20. Waislamu, Wakristo wa madhehebu matatu, Wahindu wawili, na mmoja anayesema hana dini. Mikutano sita.

Kalamu Kavu
Haya, tumesogea. Na lengo? Wajuane tu au kuna jambo?

Halafu iangalie Rasimu A yako tena. Sala, kufunga, sadaka. Hiyo orodha umeichota kwa Waislamu na Wakristo, kisha ukaiita "yanayofanana". Wahindu wako wana mifungo na sadaka, sawa, lakini wamekuta meza imeshaandaliwa na wengine. Yule asiye na dini ndiye kabisa, utamweka wapi? Akija Mbudha siku moja akakwambia kwake hakuna Mungu muumba, utafuta mkutano wa kwanza wote?

Anayepita
Vipofu na tembo: kila mmoja amegusa kiungo kimoja, anadhani ndiye tembo mzima. Uzi ufungwe.

Fundi Saa
Mimi sina dini ya kuitetea humu, nina historia tu. Kila mtu anadhani watu wakijua wanafanana watapendana. Vita vya Miaka Thelathini, 1618 hadi 1648, kwa sehemu kubwa vilikuwa Wakristo kwa Wakristo, Biblia moja, Yesu mmoja. Urusi ndiyo kali zaidi. Katika miaka ya 1650 Patriaki Nikon, mkuu wa Kanisa la Orthodoksi la Urusi, aliagiza ishara ya msalaba ifanywe kwa vidole vitatu badala ya viwili, na ibada irekebishwe hapa na pale. Imani ileile, watakatifu walewale. Waliokataa wakateswa, na padri Avvakum, kinara wao, akachomwa moto mwaka 1682. Vidole, wakuu! Freud, yule mchambuzi wa nafsi za watu, alikuwa na maelezo yake: wanaokaribiana sana ndio hushikilia kwa ukali kile kidogo kinachowatenganisha. Aliye mbali nawe hakusumbui, ni mgeni tu. Anayefanana nawe kila kitu isipokuwa kidole kimoja, huyo unamwona amekusaliti.

Kwa hiyo ukichagua A kwa kudhani ni kinga, si kinga.

Nahodha wa Nchi Kavu
Nakazia.

Bi Mkubwa wa Uzi
Fundi, Nikon alikuwa na dola nyuma yake. Usiwasingizie vidole kosa la mamlaka.

Fundi Saa
Hapo umenipata kidogo. Kidogo tu.

Mshika Daftari
Nitaeleza yaliyonikuta, ni marefu, mnivumilie.

Kazini tulifiwa na mwenzetu Mwislamu. Sisi tuliobaki tulikuwa Wakristo karibu wote, na tulimpenda kweli. Tukaunda kamati, mimi nikashika daftari la michango. Ratiba tukapanga kama tulivyozoea: siku tatu za kukusanyika, Jumamosi kuaga mwili, bosi atoe hotuba, kwaya iimbe nyimbo mbili "za jumla" zisizotaja Yesu, kisha maziko. Tulijiona waungwana kweli kwa hizo nyimbo za jumla. Kila aliyeuliza kama familia imekubali alijibiwa "Mungu ni mmoja, msiba ni msiba". Aliyekuwa akijibu hivyo ni mimi.

Asubuhi ya siku ya pili tukiwa kwenye kikao, tukiwa tumeshachapisha ratiba, tukapata habari kuwa amezikwa jana alasiri. Kwao maiti huharakishwa. Kaka yake alikuwa ametupigia simu mara mbili. Aliyepokea alimwambia "msijali, tunashughulikia Jumamosi".

Kilichofuata kinaniumiza hadi leo. Wenzangu walikasirika. Walisema wamedharauliwa, wamenyimwa kumuaga rafiki yao. Mmoja akataka michango irudishwe. Familia nao wakasikia kwamba watu wa kazini wanadai hela za msiba. Nilipokwenda kuomba radhi, kaka yake alinikaribisha vizuri, akanisikiliza, kisha akaniambia: "Hamkutuuliza kwa sababu mlidhani mnatujua." Sina jibu mpaka leo.

Kama tungeambiwa mapema kwamba hatufanani, tungeuliza. B.

Kalamu Kavu
Pole sana. Ila wewe hukukosa somo la tofauti, ulikosa kupiga simu.

Mshika Daftari
Anayedhani anajua hapigi simu, mkuu. Ndiyo hoja yangu.

Mjukuu wa Kamusi
Mnaniachia nafasi nzuri. Kiswahili chenyewe kinatudanganya. Chukueni *Injili*. Mkristo akilitamka ana maana ya habari njema, na vitabu vinne vilivyoandikwa kumhusu Yesu. Mwislamu akilitamka ana maana ya kitabu alichoteremshiwa Isa. Wanaweza kukaa saa nzima wakikubaliana kwamba "tunaiamini Injili" na kila mmoja anazungumzia kitu chake. *Nabii* hivyohivyo. *Sala* ndiyo kabisa: kwa Mkristo, kumwomba Mungu popote, kwa maneno yako, ni sala. Mwislamu hilo angeliita dua. Swala kwake ina nyakati, udhu, kibla na rakaa. Mtu wa lugha nyingine angalau angesikia maneno mawili tofauti akashtuka. Sisi tumerithi maneno kutoka Kiarabu, tukayagawana, na kila upande ukajaza yake ndani.

Rasimu A yako, Mwanarasimu, neno lake la kwanza ni "sala". Umeshateleza kabla hujaanza.

Nahodha wa Nchi Kavu
Andika swala, si sala.

Mjukuu wa Kamusi
Swala ni mnyama, ana pembe.

Nahodha wa Nchi Kavu
Anayeswali haswali mnyama. Muktadha upo.

Bi Mkubwa wa Uzi
Na wanaoandika "swala" wakimaanisha suala je? Hao ndio wa kufunguliwa uzi wao.

Fundi Saa
Turudi. Anayepita, hiyo hadithi ya tembo wameisimulia Wabudha, Wajaini (dini nyingine ya India), hata mshairi Mwislamu Rumi ambaye aliwaweka watu wenye macho gizani. Lakini kila mara kuna mmoja anayemwona tembo mzima, naye ndiye msimulizi. Nani alimpa cheo hicho?

Kalamu Kavu
Mwanarasimu, mbona hujajibu la lengo?

Mwanarasimu
Sawa, niseme ukweli. Walishagombana. Lilianza na ombi la kufungua mkutano, nani aombe na kwa jina la nani, likawa kubwa. Ndiyo maana nimepewa kazi hii.

Kalamu Kavu
NA HILO ULILIFICHA TANGU MWANZO?

Mshika Daftari
Basi tazama walivyofanya Assisi, Italia, 27 Oktoba 1986. Papa Yohane Paulo II aliwaita viongozi wa dini mbalimbali kuombea amani. Walikwenda kuomba mahali tofauti, kila dini na pake, kisha wakakusanyika. Hakuna aliyelazimishwa ombi la mwenzake.

Bi Mkubwa wa Uzi
Na bado walikwenda kwa sababu ya kitu kimoja walichofanana: wote walitaka amani. A.

Nahodha wa Nchi Kavu
Walitenganishwa kwanza. B.

Mjukuu wa Kamusi
Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, mwaka 1965 ulisema yote kwa pamoja: Waislamu hawamkiri Yesu kuwa Mungu, lakini wanamheshimu kama nabii. Sentensi moja, bila A wala B.

Mwanarasimu
Nimewasoma wote, asanteni. Makabidhiano yamesogezwa hadi Jumatatu. Nilipeleka nakala ya awali, swali pekee lililorudi ni kwa nini ukurasa mmoja una "sala" na mwingine "swala". Nimejibu kwamba ni makosa ya uchapaji.

Mjukuu wa Kamusi
Si makosa ya uchapaji. Ungewaambia huo ndio mkutano wa kwanza.

Anayepita
Mimi bado natafuta jibu la swali la Fundi kuhusu tembo.