Tupeane uzoefu: injini ya turbo unaiwekea oili namba ngapi, na uliwahi kuchemsha wapi?

Kona_Kali:
Wakuu, habari za leo. Jana jioni pale Kimara nimeona Forester pembeni ya barabara, boneti juu, mvuke unafuka, kijana amekaa kwenye ukingo ameshika kichwa. Moyo ulinidunda kama vile gari ni langu. Mimi nina Subaru Impreza WRX ya 2002 yenye turbo, injini EJ205 (zile Subaru za familia ya EJ), na Jumamosi napanda Iringa. Fundi wangu anasema niweke 20W-50 ili isichemshe. Kitabu cha gari kinataja 5W-30. Waliopitia haya naomba uzoefu wenu.

mzee_wa_boksa:
20W-50. Joto la Dar si la Japani. Hakuna mjadala hapo.

Dada_wa_EJ20:
Mjadala upo, mkuu. Namba yenye W inaeleza oili ikiwa baridi. Ile ya pili inaeleza uzito wake ikiwa na joto la nyuzi 100. Ukiwasha asubuhi, 20W inachelewa kufika kwenye turbo (kile kifaa kinachosukuma hewa ndani ya injini) kuliko 5W, na turbo ndiyo ya kwanza kuumia ikikosa oili. Kama unataka unene zaidi injini ikishapata moto, weka 5W-40. Mimi natumia hiyo, sintetiki, na nabadilisha kila kilomita 5,000 bila kusubiri iwe nyeusi.

mzee_wa_boksa:
Dada, nina miaka 11 na Subaru. Wewe una mingapi?

Dada_wa_EJ20:
Nina sita, na injini haijafunguliwa.

Limuru_Moja:
Mimi niko Kenya, napanda kutoka Mai Mahiu kila wiki na Forester ya turbo. 5W-40 pia. Lakini tusimkatae mzee moja kwa moja. Vitabu vya Subaru vyenyewe vinaruhusu 20W-50 kwa sehemu za jangwa, joto kali sana, au ukivuta trela. Haijakatazwa. Kosa ni kuitumia kama dawa ya kuchemka.

Mpanda_Kitonga:
Uzi huu umenitonesha kidonda. Nilikuwa nasoma tu, sasa naandika.

Ni Desemba, miaka minne iliyopita. Forester SG5 ya turbo. Nilikuwa na mke wangu, watoto wawili na mama mkwe, tunakwenda Njombe kwa sikukuu. Wiki moja kabla, gereji moja hapa mjini ilinibadilishia rejeta. Niliwaambia safari ni ya milima. Wakanijibu, "Tumekuwekea oili nzito, hiyo hata upande wapi haichemshi." Nikaamini, nikalipa, nikashukuru.

Dar mpaka Mikumi mshale wa joto umetulia. Ruaha Mbuyuni tukanunua vitunguu, tukaondoka kama saa tisa alasiri, jua linachoma. Kuingia mlima Kitonga nikakuta malori mawili yanapanda taratibu na kwenye zile kona huwezi kuyapita. Gia ya pili, AC inawaka, turbo inasukuma, upepo wa kupooza rejeta hakuna. Mimi macho yangu yapo kwenye lori. Mke wangu ndiye aliyeuona mshale. Akasema, "Baba, huo mshale mbona umeegemea juu?"

Pa kusimama hakuna. Upande huu mwamba, upande ule korongo. Nikasema nifike tu kona ya mbele yenye nafasi. Labda mita 400. Mita hizo ndizo zilizoniua. Injini ikaanza kugonga, nguvu zikaisha, ikazimika yenyewe nikiwa ndiyo nagusa ukingo.

Nikafungua boneti. Vijana, hapa nisomeni vizuri. Nilichukua kitambaa, nikashika mfuniko wa rejeta, nikauzungusha. Maji yakaruka yakanichoma mkono wa kulia mpaka begani. Nilichosikia ni watoto wanalia ndani ya gari. Mama mkwe alitoka na dumu la lita 5 la maji ya kunywa, akanimwagia lote polepole, huku ananishikilia nisikimbie. Daktari aliniambia baadaye kwamba maji yale yalinisaidia sana. Dereva wa lori lililokuwa nyuma yetu alishuka, akaweka matawi barabarani mbele na nyuma, akasimamisha gari lililotupeleka Iringa hospitali. Jina lake sikulipata na hilo linaniuma hadi leo.

Injini iliposhushwa: gasketi za silinda hedi zimeungua pande zote mbili, hedi moja imepinda, beringi za konrodi zimelika. Ile oili nzito ilitoka nyepesi kama chai ya rangi. Na chanzo? Walipojaza kulanti (maji ya kupooza injini) hawakutoa hewa. Injini ya boksa, kama hii ya Subaru, silinda zake zimelala, hewa inajificha ndani, na ile skrubu ya kutolea hewa pale juu ya rejeta haikuguswa. Oili ya namba yoyote isingeniokoa.

Kona_Kali:
Pole sana kaka. Nimeisoma mara mbili. Mkono umepona?

Mpanda_Kitonga:
Umepona, kovu lipo. Watoto wakiona geji ya gari lolote bado wanauliza joto likoje.

mama_wawili:
Mwenyezi Mungu ambariki mama mkwe na huyo dereva. Sina turbo, nina IST, ila leo nimejifunza kutogusa ule mfuniko.

Spidi_ya_Tanga:
Pole mkuu. Ndiyo maana mimi themostati (ile vali inayofunguka maji yakipata moto) niling'oa kabisa. Maji yanazunguka muda wote, sijawahi kuchemsha.

Dada_wa_EJ20:
Kaka, usimfundishe mtu hivyo. Kwenye EJ, themostati iko upande maji yanaporudi kwenye wota pampu, na ndiyo inayosimamia joto la injini. Ukiing'oa, hakuna cha kulisimamia. Kwenye mlima ndipo utakapoona. Na ukiwa tambarare injini haifiki joto lake, inakunywa mafuta, oili inajaa uchafu.

Spidi_ya_Tanga:
Mimi nasema nilichokiona kwenye gari langu. Nadharia baki nayo.

Mpanda_Kitonga:
Tanga hadi Dar hakuna mlima, ndugu yangu. Njoo upande huku kwanza.

Spidi_ya_Tanga:
Lushoto ni Tanga pia, mzee.

Mutrah_Joto:
Assalamu alaykum. Mimi Mzanzibari, naishi Muscat. Huku Julai kuna siku joto la nje linapita nyuzi 45, na gari langu la turbo natumia 5W-40 bila tatizo. Linalotuokoa ni kulanti halisi iliyochanganywa nusu kwa nusu na maji yaliyosafishwa, feni mbili zinazofanya kazi na rejeta safi. Nikija Zanzibar naona watu wanajaza maji ya kisima yenye chumvi, kisha wanalaumu oili. Chumvi inakula alumini na kuziba rejeta ndani.

Fundi_Mstaafu:
Nimefanya kazi hii zaidi ya miaka 30, naomba nisaidie kidogo. Ikichemka kwenye foleni lakini barabara kuu ikatulia, angalia feni. Ikitulia mjini lakini ikachemka mlimani au kwenye mwendo mkali, angalia rejeta iliyoziba, au gasketi. Mapovu kwenye chupa ya kulanti injini ikiwa inaunguruma ni dalili mbaya, usisafiri.

Mfuniko wa rejeta watu wanaudharau. Kazi yake ni kuweka presha ili maji yachelewe kuchemka. Iringa, kwa sababu ya mwinuko, maji yaliyo wazi kwenye sufuria yanachemka karibu na nyuzi 95. Mfuniko ukichoka, rejeta yako inakuwa sufuria.

Kuhusu oili: ikiwa nzito kupita kiasi, pampu inaisukuma kwa shida na msuguano wake wenyewe unaongeza joto. Ikiwa nyepesi mno, kwenye beringi chuma kinagusana na chuma. Ila inayoua EJ nyingi nilizofungua ni oili KUPUNGUA. Turbo inakula oili kidogo kidogo, mtu hachomoi kijiti cha kupimia oili mpaka siku ya kubadilisha. Kwenye kona kali ile iliyobaki inakimbilia upande, pampu inavuta hewa. Chomoa kijiti kila unapojaza tangi.

mzee_wa_boksa:
Hapo kwenye kijiti, mzee wangu, nakubali. Kwenye 20W-50 bado nipo palepale.

Limuru_Moja:
Ongezeni hii: mshale wa dashibodi unadanganya. Unakaa katikati hata joto likipanda sana, ukianza kusogea umechelewa. Nunua kile kifaa cha kuchomeka chini ya dashi, usome nyuzi kwenye simu. Mimi nikiona 105 nazima AC, nafungua hita mpaka mwisho, napunguza mguu. Ikiendelea kupanda nasimama.

Wa_Mbezi:
Na ukifika usizime hapo hapo. Dakika moja au mbili iungurume, turbo ipoe na oili ikiwa bado inapita.

Spidi_ya_Tanga:
Beba na dumu la lita 5.

Kona_Kali:
Marejesho, wakuu. Mfuniko wangu mpira wake ulikuwa umepasuka, nimeweka mpya. Tumetoa hewa nikiwa nimesimama pale pale mpaka mapovu yakaisha. Oili 5W-40. Fundi amenuna kidogo.

Kona_Kali:
Nimefika Ilula. Kitonga nilikuwa nyuma ya tenka njia nzima. Simu ilisoma 98 kwa juu, sasa 91. Kijiti kipo kwenye alama ya juu.

mzee_wa_boksa:
Hongera. Kwa 20W-50 ungefika vilevile.

Mpanda_Kitonga:
Alhamdulillah. Ile kona yenye nafasi, mkono wa kushoto, uliiona?

Kona_Kali:
Niliiona, kaka. Kulikuwa na basi dogo limesimama, boneti juu. Niliwaachia maji, nikamwambia dereva asiguse mfuniko.