Bango la Walutheri limenirudia: "Mkuu wa Kanisa" si Askofu Mkuu?

MchapajiNgamiani:
Wakuu, habari za jioni. Mie nachapa mabango na kadi hapa Tanga, Ngamiani. Usharika mmoja wa KKKT (Kanisa la Kiinjili la Kilutheri Tanzania) ulinipa kazi ya bango la mita nne: picha za viongozi wakuu wa kanisa lao tangu mwanzo, na chini ya kila picha jina na cheo. Karatasi yao iliandikwa kwa mkono, "Mkuu wa Kanisa" kila mahali. Nikaona hawa wamefupisha. Waanglikana nimeshawachapia, wao ni "Askofu Mkuu". Basi nikawapendezesha, nikaweka ASKOFU MKUU kwa wino wa dhahabu.

Katibu wao alipokuja kuchukua hakusema neno. Alivua miwani, akainama, akaanza kulikwangua neno "Askofu" kwa ukucha, kana kwamba litabanduka! Bango limekataliwa, elfu sitini imenikalia.

Mie Mwislamu. Kwetu najua: shehe wa kata, wa wilaya, wa mkoa, halafu Mufti. Hawa wenzetu wamejipangaje? Nieleweshwe kabla sijachapa upya.

BintiMlalo:
Pole kaka. Katibu yuko sahihi, ila angekuonyesha mfano kabla hujachapa.

KKKT haina Askofu Mkuu. Ina maaskofu, kila mmoja na dayosisi yake, na mmoja wao huchaguliwa na Mkutano Mkuu awe Mkuu wa Kanisa kwa kipindi. Akichaguliwa hahami kwenye dayosisi yake. Malasusa ni Mkuu wa KKKT na papo hapo ni Askofu wa Dayosisi ya Mashariki na Pwani. Kipindi kikiisha, ukuu unakwenda kwa mwingine. Shoo, aliyekuwa Mkuu kabla yake, alipokabidhi 2024 hakuacha kuwa askofu wa Kaskazini.

Halafu wewe mtu wa Tanga unamwandika Kolowa "Askofu Mkuu"! Huyo alikuwa askofu wetu wa Kaskazini Mashariki, akawa Mkuu wa Kanisa kuanzia 1976 hadi 1992. Wazee wangu mpaka leo wakisema "Baba Askofu" bila kutaja jina, ujue ni Kolowa.

Kigogo_wa_Kwaya:
Naongezea historia kidogo. Tarehe 19 Juni 1963 yaliungana makanisa saba ya Kilutheri. La huku kwetu liliitwa Usambara-Digo, na la upande wa Bagamoyo na Dar, Uzaramo-Uluguru. Kila moja lilikuja na katiba yake na desturi za wamisionari wake, na si yote yaliyokuwa na maaskofu. Ukiwakusanya watu wa namna hiyo, "mkuu" ni neno ambalo kila nyumba inalikubali. Hayo ya mwisho ni maoni yangu.

Ila msidhani Walutheri wote dunia nzima wanalikwepa neno hilo. Sweden wana Askofu Mkuu, Uppsala. Hata Kenya hapo jirani wanaye.

MchapajiNgamiani:
Nimeelewa. Sasa la pili. Chini ya bango kuna "Mkuu wa Jimbo". Mwezi uliopita nilichapia Wakatoliki, jimbo lao ndilo la askofu. Huyu naye nimpe uaskofu?

BintiMlalo:
Weee! Usimpe, utamgombanisha na mkubwa wake. Kwa Wakatoliki jimbo ndiyo dayosisi. Kwetu jimbo liko chini ya dayosisi, lina sharika kadhaa, na Mkuu wa Jimbo ni mchungaji. Andika "Mch." Chini yake usharika (wao parokia), halafu mtaa. Na "Padre" usiguse kabisa.

MamaWatatu_Pangani:
Na kwenye kadi za mwaliko chunga "Mama Mchungaji". Hilo ni la mke wa mchungaji. KKKT ilikubali wanawake wawe wachungaji mwaka 1990, lakini lugha bado inachechemea. Siku moja mshereheshaji alitangaza, "Mama Mchungaji atatuombea chakula." Wakasimama wawili: mchungaji mwenyewe, mwanamke, na mke wa mchungaji mgeni. Wakatazamana, wakacheka, wali ukapoa. Mwanamke mchungaji muandike "Mchungaji", basi, kama mwanamume. Mumewe bado hatujampatia jina. Wa kwetu tunamwita Shemeji.

MchapajiNgamiani:
Ahsanteni wallahi. Nimeshasahihisha: Moshi, Kolowa, Mushemba, Malasusa, Shoo, wote "Mkuu wa KKKT". Picha zimebaki tano. Kwenye karatasi zilikuwa sita, ila Malasusa waliandika mara mbili kwa bahati mbaya, nimefuta moja. Nafasi iliyobaki naweka ua.

Kigogo_wa_Kwaya:
MKUU SIMAMA HAPO HAPO. Hawajakosea. Aliingia 2007, akaja Shoo, yeye akarudi tena 2024. Ni wa nne na ni wa sita. Toa ua, mrudishe.

MchapajiNgamiani:
Mashine ilikuwa imeshaanza kuvuta. Nimeizima kwenye swichi ya ukutani. Ua limetoka nusu.