Kishikizi cha prizimu ya projekta: mkaguzi kalipiga X dai la 1, nimjibu vipi?

Gombani_Juu (Chake Chake)

Assalaam alaykum. Naomba ushauri wa wanaojua mambo ya hataza (haki ya kulinda uvumbuzi) na ya vioo kwa pamoja, maana hapa vimekutana.

Ombi ni la kimataifa, la PCT (mkataba wa ushirikiano wa hataza), limewekwa moja kwa moja bila ya ombi jengine kabla yake. Sasa ni mwezi wa 10 tangu niliweke. Ripoti ya upekuzi imekuja pamoja na maoni ya mkaguzi.

Kifaa ni kishikizi cha prizimu ndani ya projekta ya DLP (picha inatengenezwa na chipu ya vioo vidogo) ya chipu moja. Prizimu ni mbili zilizotazamana, na baina yao pana mwanya wa hewa wa mikroni 10 hivi. Mwanga wa taa unagonga uso wa mwanya, unarudishwa wote kwenye chipu, kisha ukitoka kwenye chipu unapita prizimu zote mbili mpaka kwenye lenzi. Kitako ni cha alumini, kina vikanyagio vitatu, springi bapa inakandamiza kutoka juu, na matone manne ya gundi ya UV yanashika mbavu za prizimu. Baina ya kila tone na ukingo wa mwanya pana mfereji.

Madai, yaani yale hasa ninayoombea ulinzi, ni matano. Dai la 1 ni kitako, vikanyagio vitatu na springi. La 2 na la 3 ni umbo la springi. La 4 ni mikono ya kitako iliyochanjwa ili inepe kitako kikipata moto. La 5 ni mfereji, "wenye kina cha kutosha, karibu na mwanya".

Mkaguzi kaleta waraka D1, kishikizi cha prizimu ya kamera, kaupa X kwa madai 1 hadi 3. D2 ni mikono iliyochanjwa kwenye kifaa cha leza, kaupa Y pamoja na D1 kwa dai la 4. Kwa dai la 5 kaweka A tu, lakini anasema "kina cha kutosha" na "karibu" hayaeleweki.

Nafikiria kutia vipimo vya mfereji: [*vipimo vimeondolewa na msimamizi, tazama jibu la Bi_Hurumzi*]. Ndani ya maelezo ya ombi havimo. Nifanye hivyo?

---

Kizimbani77

Wa alaykum salaam. Tia vipimo, ndugu yangu. Mchoro si unauonesha huo mfereji? Chukua rula, pima mchoroni, sema kina ni nusu ya upana, umemaliza. Na umwambie mkaguzi kwamba kishikizi chako kinaondoa mkazo kwenye kioo, kwa hivyo mwanga uliochujwa mwelekeo hauharibiki. Hoja hiyo hutumika sana kwenye hataza za projekta.

---

Bi_Hurumzi

Kwanza kabisa: msimamizi, tafadhali futa vile vipimo kwenye uzi wa juu sasa hivi. Gombani, ulichokwisha kukiweka kwenye ombi unaweza kukizungumza hadharani, tarehe yako ishakulinda. Vipimo havimo kwenye ombi, kwa hivyo havina tarehe yoyote. Ukivibandika hapa ukumbini vinakuwa vimetangazwa, na kesho ukiviombea hataza, tangazo linalokuangusha ni lako mwenyewe. Ofisi ya Ulaya haitoi muhula kwa mtu aliyejitangazia. Marekani inatoa mwaka mmoja, lakini usiipange safari yako kwa kutegemea hilo.

Pili, hapana, usivitie. Marekebisho hayaruhusiwi kuvuka yale yaliyokuwemo siku ya kuweka ombi. Kizimbani, hiyo ya rula haipiti. Mchoro wa hataza ni wa kuonesha mpangilio, haukuchorwa kwa kipimo, na wakaguzi kwa kawaida hawakubali namba iliyopimwa juu ya mchoro kama maandishi hayaitaji. Mtu akiingiza namba namna hiyo na ikapita bahati mbaya, hataza ikishatoka mshindani wake ataishika hapo hapo kuivunja.

Sasa kuhusu herufi. X ni kwamba waraka huo peke yake unatosha kuua upya au hatua ya uvumbuzi ya dai. Y unaua ukiunganishwa na mwengine. A ni wa kujazia picha tu. Ina maana mkaguzi kakwambia, kwa lugha yake ya kiofisi, kwamba dai la 5 ndilo lenye uhai. Usipoteze hata aya moja kupigania vikanyagio vitatu. Kitu kigumu kukaa juu ya ncha tatu ni somo la zamani mno, na mkaguzi wa fani hii analijua kabla hajaifungua D1.

Lete maneno kamili ya aya inayoelezea mfereji kwenye maelezo yako. Hiyo haina hatari, ishawekwa.

---

MtuWaWete

Naongezea upande wa vioo, maana hoja ya Kizimbani ya mwanga uliochujwa itamtia Gombani aibu.

Mkazo kwenye kioo unaharibu mwelekeo wa mwanga, kweli. Hilo ni tatizo kwenye projekta za LCD, ambazo picha yake inatengenezwa kwa mwanga uliochujwa mwelekeo. Chipu ya DLP ni vioo vidogo vinavyoinama huku na huku, haihitaji mwanga wa namna hiyo. Ukimwandikia mkaguzi hoja ile ataona hukijui kifaa chako.

Kinachoumiza kwenye DLP ya prizimu mbili ni mambo mawili.

La kwanza ni joto. Kioo cha BK7, aina ya kioo cha prizimu, kinatanuka 7.1 kwa milioni kwa kila digrii, alumini 23 na ushei. Prizimu ya milimita 30, joto likipanda digrii 40 baina ya kuwasha na kutulia, tofauti inafika kama mikroni 20. Ni mara mbili ya mwanya wenyewe. Ukigandisha ncha zote mbili kwa gundi ngumu juu ya alumini nzima, kitaachia kimoja kati ya viwili: gundi, au kipande cha pembe ya kioo. Mikono iliyochanjwa inalitatua hilo, lakini D2 ishakutangulia. Titani inatanuka karibu 8.6 na ingelipunguza tatizo, ila bei yake kwa projekta ya darasani haina maana.

La pili ndilo lako. Kioo chenye kiwango cha kupinda mwanga cha 1.517 kinarudisha mwanga wote ukigonga uso kwa pembe inayozidi digrii 41.2, *ikiwa nje ya uso huo pana hewa*. Gundi ya UV ina kiwango kinachokaribiana na cha kioo chenyewe. Ikishauloa uso wa mwanya, pale ilipoloa hapana tena kurudishwa. Mwanga unapita kama vile hapana kitu. Kwenye skrini hulioni doa lenye kingo kali, kwa sababu uso ule hauko kwenye fokasi ya chipu. Unaona pembe ya picha imefifia kama wingu, na mwanga uliopotea unarandaranda ndani, weusi unakuwa kijivu. Fundi asiyejua atabadilisha taa, atasafisha lenzi, na tatizo liko pale pale.

Kwa nini gundi inaingia? Mwanya wa mikroni 10 unanyonya kimiminika kama utambi unavyonyonya mafuta. Gundi nyepesi ikigusa tu ukingo, imeshaingia kabla hujaiwashia taa ya UV. Mfereji unafanya kazi kwa sababu kimiminika kinasita kwenye ukingo mkali. Hakivuki mpaka mfereji ufurike. Tone la mikrolita 2 ni milimita 2 za ujazo, kwa hivyo mfereji ukiwa na nafasi ndogo kuliko ile gundi inayozidi

---

Bi_Hurumzi

Wete, simama hapo! Uhusiano wa tone na ujazo wa mfereji ukiuendeleza hapa, nao tutakuwa tumeutangaza kwa niaba yake.

---

MtuWaWete

Haya, nimekaa kimya.

---

Gombani_Juu

Shukran sana Bi Hurumzi, na wewe Wete. Aya ya 23 ya maelezo nimeifasiri hivi: "Mfereji upo baina ya sehemu ya gundi na ukingo wa mwanya wa hewa, unakwenda sambamba na ukingo huo kwa urefu wote wa sehemu ya gundi, na una ukingo mkali upande wa mwanya. Gundi inayozidi inabaki ndani ya mfereji na haifiki kwenye uso wa kurudisha mwanga."

---

Bi_Hurumzi

Aya hiyo ni mali. Huhitaji namba. Yanayokosekana kwenye dai lako la 5 yote yamo humo.

Futa "kina cha kutosha" na "karibu". Dai la 1 jipya liwe hivi, kisha ulirudishe kwenye lugha ya ombi kwa maneno yale yale ya aya ya 23:

*Kishikizi cha prizimu mbili za projekta zilizotenganishwa na mwanya wa hewa, chenye kitako chenye vikanyagio vitatu, springi inayozikandamiza prizimu juu ya vikanyagio hivyo, na sehemu za gundi zinazoshika mbavu za prizimu. Kikitambulikana kwa kuwa baina ya kila sehemu ya gundi na ukingo wa mwanya kitako kina mfereji unaokwenda sambamba na ukingo huo kwa urefu wote wa sehemu ya gundi, mfereji huo ukiwa na ukingo mkali upande wa mwanya.*

Angalia nilivyoupanga. Kabla ya "kikitambulikana" ni yale yanayojulikana, baada yake ni yako. Prizimu mbili na mwanya wa hewa nimeviingiza mwanzoni kwa makusudi, kwa sababu bila ya mwanya hakuna tatizo la kutatua. Hakikisha tu kuwa D1 haina mwanya wa namna hiyo. Ikiwa ni prizimu moja ya kamera, tofauti yako imezidi kuwa pana.

Mikono iliyochanjwa iache kama dai tegemezi, lile linaloegemea dai la 1. Haikugharimu kitu, na ukipigwa chini huko mbele utakuwa na pa kurudia.

Kwenye hoja usiandike "D1 haina mfereji" ukanyamaza. Andika hivi: D1 inazungumzia kushika tu; tatizo linalobaki ni gundi kunyonywa na mwanya; si D1 wala D2 inayolitaja tatizo hilo, kwa hivyo fundi wa kawaida akizisoma hana sababu ya kuchonga mfereji mahali hapo. Sentensi ya mwisho ya aya ya 23 ndiyo ushahidi wako kwamba faida hiyo ulishaisema tangu mwanzo.

---

Kizimbani77

Nimekubali kusahihishwa. Lakini nauliza: mifereji ya kuzuia gundi ipo mingi kwenye vishikizi vya lenzi. Mkaguzi akiileta?

---

Bi_Hurumzi

Ataileta, na hilo ndilo swali zuri kuliko yote humu. Gombani, kabla hujaandika neno ingia Espacenet na Patentscope, hifadhi za hataza mtandaoni, bure zote mbili. Hataza hupangwa kwa namba za fani: vishikizi vya prizimu viko G02B 7/18, na hapo mkaguzi keshapita. Wewe nenda G02B 7/025, lenzi zinazoshikwa kwa gundi, kisha G03B 21/14 na H04N 9/31 kwa projekta. Tafuta maneno ya gundi kufurika na mfereji.

Ukikuta mfereji wa lenzi, tazama unazuia gundi isifike wapi. Nyingi ni kuilinda sehemu ya kupitisha mwanga au kuiacha gundi inayozidi ipate pa kukaa. Mfereji uliowekwa mbele ya mwanya unaonyonya, wenye ukingo mkali upande ule ule, ni jambo jengine. Ukikuta na hilo limo, bora ulijue sasa kuliko baada ya kulipia nchi tatu.

---

Gombani_Juu

Nitaanza leo usiku. Jibu lenyewe napeleka wapi, kwa mkaguzi? Na picha za majaribio niambatanishe?

---

Bi_Hurumzi

Una milango miwili. Wa kwanza ni Kifungu cha 19 cha PCT: unarekebisha madai tu, mara moja tu, unapeleka WIPO, shirika la dunia la mali za ubunifu, Geneva, na wala si kwa mkaguzi. Muda ni miezi 2 tangu ripoti ilipotumwa au miezi 16 tangu tarehe ya kipaumbele (kwako ni siku uliyoweka ombi), ipi inayochelewa. Kwako ni 16. Tamko la kufafanua lisizidi maneno 500. Mlango wa pili ni kuomba uchunguzi wa awali wa Sura ya II, kabla ya mwezi wa 22 au miezi 3 tangu ripoti, vilevile ipi inayochelewa. Huo una ada, lakini hapo ndipo hoja zako zinaposomwa na mkaguzi na akabadilisha maoni. Ukitaka kuingia nchi nyingi, maoni mazuri ya Sura ya II yanapunguza mabishano huko mbele. Ukiwa na nchi moja tu, ngoja ukabishane huko huko.

Picha ambatanisha mlango wa pili. Vishikizi viwili vilivyo sawa kwa kila kitu, kimoja hakina mfereji. Gundi ya chupa moja, tone sawa, prizimu za kundi moja.

---

MtuWaWete

Na usipige picha ya ukuta kwa simu iliyo kwenye otomatiki. Simu itajirekebisha mwanga yenyewe na tofauti itapotea. Funga mfiduo (kiasi cha mwanga kamera inachopokea), onesha picha nyeupe tupu kwa ajili ya pembe zilizofifia, kisha nyeusi tupu kwa ajili ya ukijivu. Piga ikiwa baridi, kisha baada ya saa nzima. Kibonge cha gundi kilichoingia kitaonekana hata kwa lenzi ya kukuzia: pale kilipo, uso wa mwanya unapoteza ule mng'ao wa kioo cha kujitazamia.

---

Gombani_Juu

Na vile vipimo vilivyofutwa, ndiyo basi?

---

Bi_Hurumzi

Si basi. Uko mwezi wa 10. Kabla miezi 12 haijatimia weka ombi jipya lenye kila kitu: ya zamani, vipimo, na hesabu aliyotaka kuimwaga Wete. Ombi hilo lidai kipaumbele cha lile la kwanza. Ya zamani yatabaki na tarehe ya zamani, mapya yatapata tarehe ya siku hiyo. Ukichelewa, ombi lako la kwanza litachapishwa mwezi wa 18, na baada ya hapo litatumika dhidi yako kama waraka wa mtu mwengine. Vipimo vilikaa hapa dakika 40 hivi, kwa hivyo usingoje siku ya mwisho: mwambie wakala wako kwamba vilitokea, na saa ngapi. Punguzo la asilimia 90 la ada ya kimataifa kwa nchi zetu ulidai tena, halijitokezi lenyewe.

Na kwa hapa nyumbani: BRELA, wakala wa usajili wa biashara na leseni, ni ya Bara, hataza yake haivuki maji. Zanzibar ina Sheria Na. 4 ya 2008 ya mali za viwandani, na inasimamiwa na BPRA, wakala wa usajili wa biashara na mali wa Zanzibar. Ukitaka ulinzi Unguja na Pemba, waendee BPRA kabla ya huo mwezi wa 12, ombi la kwanza ukiwa nalo mkononi.

---

Gombani_Juu

Nimeandika tarehe zote tatu ukutani. Matokeo ya G02B 7/025 nitayaleta hapa, yale yaliyokwisha kuchapishwa na wengine tu.